Shoga yangu amegawa mfarishi wa ukoo wetu kama zawadi ya semina

Admin, jina langu libaki kwako. Ninayemzungumzia huenda naye anafuatilia ukurasa huu. Asome tu.

Nina miaka 47, ni mjane, fundi cherehani huku Mbagala. Kwetu ni Masasi. Ukoo wetu una mfarishi mmoja, tandiko nene la vipande vya khanga vilivyoungwa kwa mkono. Mtoto akizaliwa, siku ya arobaini analazwa juu yake, kisha kipande cha khanga aliyovaa mama yake kinashonewa pembeni. Changu kimo. Cha bibi yangu kimo pia, kimepauka hadi maua hayaonekani. Mtunzaji ni mama yangu.

Mwaka jana kikundi chetu cha mafundi kilipanga ziara ya mafunzo, tukajifunze ushonaji wa zamani kwa wanaoujua. Mwenyekiti ni shoga yangu, nimwite Mama Jose. Nilipofiwa na mume alilala kwangu wiki nzima, ananipikia na kuniogeshea watoto. Basi mimi kwa kujisifu nikasema twendeni kwa mama.

Mama alitufundisha siku tatu pale uani. Macho yake hayaoni tena, anafuata mshono kwa vidole. Akikuta umelegea anacheka: "Huyu alikuwa anawahi wapi?"

Siku ya kuondoka Mama Jose aliomba kuazima mfarishi ili kikundi kiendelee kujifunzia. Mama alikataa. Ni mimi niliyembembeleza, nikamwambia, "Mama, huyu ni kama mwanao." Akautoa sandukuni akasema, "Haya. Lakini naukabidhi kwako wewe, siyo kwake." Hata Lindi hatujafika, nilishampa Mama Jose aubebe.

Tangu hapo kila nikiuliza, mara uko kabatini, mara umepelekwa kwenye maonyesho. Niliamini. Mtu aliyekushika mkono kwenye msiba huwezi kumhoji kama mwizi.

Mwezi uliopita binti yangu kajifungua. Wiki mbili zilizopita nikaona status ya mwenzetu mmoja wa Tegeta: kipande cha khanga ndani ya fremu, kimetundikwa ukutani pembeni ya cheti. Ni khanga yangu, niliyovaa kwenye arobaini ya huyu huyu binti! Nilimpigia hapo hapo. Akanijibu bila wasiwasi, "Si tulipewa siku ya vyeti vya semina, ile wewe ulikuwa unaumwa? Mama Jose alisema familia imeridhia."

Nikaenda kwa Mama Jose. Hata cherehani hakusimamisha.

"Shoga, usikuze mambo. Tuliufumua tuone bitana imeshikwaje, kuurudishia ikashindikana. Bora kila mtu akapata kumbukumbu. Urithi ukikaa sandukuni unamfundisha nani?"

"Kwa hiyo miezi yote hiyo ulikuwa unanidanganya?"

"Ningekwambia si ungelia tu."

Na nililia kweli, mbele ya wateja wake. Najichukia kwa hilo hadi leo.

Nimezunguka kuvikusanya, nimepata vinne. Mmoja chake kashonea pochi. Wengine hawapokei simu. Kama umo humu na unacho, dada, sikulaumu, ulidanganywa kama mimi. Nirudishie tu.

Jana Mama Jose kaniletea mfarishi mpya, kaushona kwa khanga kuukuu za mtumba. Ni mzuri, siwezi kusema uongo, na hilo ndilo linazidi kuniuma. Mama anakuja wiki ijayo kwa arobaini ya kitukuu chake. Kanipigia: "Mfarishi usiufue, nitauanika mwenyewe nikifika." Binti yangu ananiambia, "Mama, tumia huo mpya yaishe. Bibi haoni, hatajua."

Atajua. Atapitisha vidole mara moja tu. Kinachoninyima usingizi ni kwamba atajua na atanyamaza. Atamlaza mtoto juu ya matambara ya watu asiowajua, atabasamu, ili mimi nisiaibike mbele ya wageni.

Nyie wenye mama zenu, nisaidieni mawazo. Nimwambie kwenye simu kabla hajapanda basi, akiwa peke yake kule na umri ule? Au nisubiri afike, nimwekee vile vipande vinne mkononi, nimwambie aliyeutoa ni mimi?