Nyundo ya Mbao ya Fundi Koili

Mtaa mzima ulimwita Fundi Koili, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Tangu ujana kazi yake ilikuwa moja tu: kusuka upya transfoma zilizoungua. Mashine za kuchomelea, chaja za betri za malori, vyote vilifika barazani kwake vikinuka moshi, vikaondoka vikinguruma vizuri. Alizungusha waya wa shaba kwa mkono, akapanga mabati ya chuma katikati ya koili, kisha akayagonga kwa nyundo ya mbao yabanane. Tok, tok, tok. Mkewe, popote alipokuwa nyumbani, akiusikia mlio huo alijua kazi imekwisha, naye hupakua chakula.

Sasa mkewe hakuwa akipakua tena. Mapafu yalikuwa yamechoka, na alilala chumba cha nyuma na mpira puani, akivuta hewa ya mashine ya oksijeni. Umeme wa mtaa ule nao ulikuwa mgeni asiye na adabu, ukiondoka hauagi. Ndiyo maana chini ya kitanda kulikuwa na betri na inveta, kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Jumatatu kisanduku hicho kilipiga kishindo, kikafuka moshi, kikanyamaza. Akiba iliyobaki ilikuwa mtungi mmoja wa hewa, tena haukuwa umejaa.

Shemeji, dada wa mgonjwa, aliposikia alipiga simu mara moja. Kwake ni jirani na hospitali, na jenereta ipo.

"Jumamosi nakuja kumchukua dada yangu," alisema. "Labda hicho kidude chenu kiwe kimepona."

Mgonjwa hakutaka. Wote wawili walijua kwamba kwa hali ile, akitoka hapo harudi. Alimshika mumewe mkono akamwambia, "Mimi niache hapahapa, nikusikie ukigonga vyuma vyako." Fundi akajibu bila kufikiri, "Huendi popote." Ahadi ni deni, lakini ulimi hauna mfupa.

Alipokifungua kisanduku, alikuta vidude vidogo vidogo kama njugu. Miaka yote alikuwa akivicheka vifaa vya namna hii, akiviita umeme wa watoto, na mafundi wa vitu hivyo akiwaita wauza njugu. Leo alivitazama na hakujua pa kuanzia. Ikabidi amwite mpwa wake, binti ya dada yake, mwalimu wa chuo cha ufundi. Binti alikuja jioni na mkoba wake, akakaa kwenye kigoda kama anayekuja kuulizia posa.

"Mjomba, umeme wa betri unakwenda upande mmoja tu, hautikisiki. Ukiutia kwenye transfoma unapata nini?"

"Moto." Hilo alilijua.

"Basi hizi transista ni milango. Zinafunguka na kufunga kwa zamu, mara maelfu kwa sekunde moja. Umeme unasukumwa huku, unarudishwa kule. Hapo ndipo transfoma inauelewa na kuupandisha."

"Maelfu kwa sekunde? Bawabu wake nani?"

Binti akamwonyesha kidude cheusi chenye miguu mingi kama tandu. "Huyu. Na kwa mbio hizo, transfoma haina haja ya kuwa kubwa." Akagusa kitu kisichozidi kiberiti.

"Hii ndiyo transfoma? Mwanangu, usinichezee. Hiki ni kifungo cha koti."

Walicheka, na kule chumba cha nyuma nako kukasikika kicheko kidogo kilichoishia kwenye kikohozi.

Akajifunza, masikini. Alifundishwa kupitisha umeme kwenye balbu kwanza, ili kama kuna kosa iwake balbu na transista zipone. Siku iliyofuata, kwa haraka, aliisahau balbu, na transista mpya zikampasukia usoni. Akafundishwa kwamba koili ukiikatia umeme ghafla huutema umeme huo kwa nguvu, kwa hiyo iwekewe dayodi, njia ya upande mmoja ya kuupisha. Dayodi akaifunga kinyume. Mzoea punda hapandi farasi, alijisemea, akaionea aibu mikono iliyowahi kuheshimiwa na mtaa. Kila mara aliinuka kwenda kutazama saa ya mtungi, na kila mara mshale ulikuwa umeshuka. Aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia, maana wa kumwambia ndiye aliyekuwa kitandani.

Ijumaa mpwa wake alipima kila mlango, yote mizima. Kisha akashika ile transfoma ndogo, akatikisa kichwa.

"Waya umeungua ndani. Sasa hapa, mjomba, mimi ndiyo sijui. Kusuka ni kwako."

Fundi Koili alitaka kucheza ngoma. Binti akaichemsha transfoma sufuriani mpaka gundi ikalegea, akatenganisha taratibu nusu mbili za kiini, kile kitu cheusi kinachokaa katikati ya waya, akamweleza mizunguko mingapi na nyuzi ngapi. Jambo moja hakulisema, maana nani humkumbusha mtu mzima kwamba sahani haipigwi nyundo? Kiini kile si mabati. Ni kama kigae.

Jumamosi asubuhi umeme haukuwepo, na mtungi ulikuwa unapumua za mwisho. Fundi alisuka. Lo, alisuka! Vidole vilikumbuka vyenyewe, nyuzi zikalala sambamba bila hata moja kupanda mgongo wa mwenzake. Kwa mara ya kwanza wiki ile hakuogopa. Alitia gamba la karatasi, akaingiza nusu mbili za kiini, akazifunga utepe, akaona zimekaa sawa. Mkono ukaenda wenyewe kwenye nyundo ya mbao, kama ulivyokwenda maisha yake yote.

Tok, tok.

Pigo la tatu lilitoka na mlio wa kikombe kinachoanguka sakafuni.

Alifungua utepe. Kiini kilikuwa vipande na vumbi jeusi. Alijaribu kuviunganisha, vikamtoka vidoleni. Kingine kama hicho kingeagizwa mbali. Nje gari lolote lingeweza kuwa la shemeji.

Kutoka chumba cha nyuma mkewe akaita, sauti imejaa furaha ambayo pumzi zake hazikuweza kuibeba.

"Nimesikia, mzee wangu! Umemaliza! Nimpigie dada... asije?"

Alisimama na vile vipande kiganjani.

"Mzee? Nimpigie?"

"Mwache aje," alisema. "Mke wangu, mwache tu aje."