Chumba Kilikuwa Changu, Ofisi Ilikuwa Yao

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenijaalia umri, macho ambayo bado yanasoma, na subira ya kuwafundisha watoto wa watu alifu na bee tangu nikiwa kijana. Namshukuru kwa afya, na kwa mke ambaye bado ananitania. Namshukuru hata kwa hasira hii ninayoiandika, maana bila hiyo ningenyamaza, na siku ile mahakamani kunyamaza kwangu kungekuwa dhuluma.

Mwanangu wa kwanza ni wakili hapa Tabora. Alipoanza hakuwa na mahali pa kupokea wateja, nikampa chumba cha mbele cha nyumba yangu ya Cheyo, chenye mlango wa barabarani. Alikuwa ndiyo kwanza ameoa, binti wa mrina asali wa Sikonge. Meza moja, rafu ya vitabu, na kiti cha mteja kilikuwa kiti changu cha kufundishia. Hiyo ndiyo ofisi yote.

Wateja walikuwa wakulima wa tumbaku na wafugaji, watu wa kesi za mipaka ya mashamba na mirathi. Walifika jioni ya kuamkia siku ya kesi, kwa basi au baiskeli, vumbi hadi kwenye kope. Wakimwona kijana mwenye tai anayeuliza maswali kwa Kiswahili cha mahakamani, wanakaza midomo. Mwanangu amekulia mjini. Kinyamwezi chake kinaishia kwenye salamu.

Mkwe wangu ndiye aliyewafungua. Aliwapitisha uani akiwasalimu kwa Kinyamwezi chao, akawapa maji ya kunawa, akawapikia ugali na mlenda, akawatandikia mikeka kwenye banda la nyuma. Walipokwisha kushiba na kutulia, wakaanza kusema: nani aling'oa alama ya mpaka, ndugu yupi anaogopa kutoa ushahidi, shamba lilipewa nani mzee angali hai. Kisha yeye akaingia chumba cha mbele na kumweleza mumewe. Asubuhi mwanangu alisimama mahakamani kama mtu aliyezaliwa kijijini kwao. Wakarudi makwao wakisema, "Yule wakili anatujua." Wakawatuma wengine.

Mji huu watu wa misafara waliupitia na mizigo yao kichwani, na tangu hapo kumpokea msafiri ni kazi. Anayeiita kupika tu hajui mji umesimamaje.

Baadaye ofisi ilihamia ghorofani, katikati ya mji, yenye vigae na feni. Wao wakajenga nyumba yao mtaa wa pili. Lakini wateja hawakuacha kufikia uani kwa mkwe wangu.

Sababu za talaka yao sitazieleza. Mwenyezi Mungu ni mwenye kusitiri, nami nasitiri. Tulisuluhisha msikitini tukashindwa, wakaachana, likabaki suala la mali. Nyumba walikubaliana. Kilichowagonganisha ni ofisi. Mwanangu alisema ofisi ni elimu yake, na mkewe hajasoma sheria. Akamleta mtathmini, akapanda ghorofani, akaandika meza, viti, kabati la mafaili na kompyuta iliyochoka. Taarifa yake ilipotoka, ofisi iliyosomesha watoto wanne na kujenga nyumba haikufika bei ya pikipiki.

Mkwe wangu aliponiletea habari hiyo hakulia. Alisema tu, "Baba, nitaondoka na masufuria yangu."

Wiki hiyohiyo mwanangu akaja kwangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa."

"Nataka unitolee ushahidi. Jambo dogo tu. Useme chumba kilikuwa chako, na ofisi ilianzia kwako. Basi. Ni kweli, si uongo."

"Ili iweje?"

"Ili ionekane ni kitu cha nyumbani kwetu, baba. Si kitu tulichochuma mimi na yeye."

Mama yake, aliyekuwa akipepeta mchele, akasema bila kuinua uso, "Mwambie hakimu basi kwamba na wale wageni aliwapikia baba yako. Huyu hajui hata chumvi ipo wapi."

Mwanangu akacheka. Mimi sikucheka. Nikakisukuma kando kikombe cha chai. Mtoto niliyemfundisha kwamba haki hushuhudiwa hata dhidi ya jamaa wa damu alikuwa amekuja kuniazima ukweli ili autumie kuiba.

"Nitakuja," nikamwambia.

Mahakamani niliapa nimeshika Msahafu. Wakili wa mwanangu, rafiki yake, akaniuliza kwa upole kama anamuuliza mgonjwa, "Mzee, chumba ilipoanzia ofisi kilikuwa cha nani?"

"Kilikuwa changu."

"Asante mzee, inatosha."

"Haitoshi," nikasema.

Akatabasamu. "Mzee, jibu ulichoulizwa. Hapa si darasani kwako."

"Ingekuwa darasani kwangu ungekuwa umesimama nje."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu, mwanamke wa makamo, hakucheka. Akaniambia niendelee.

Nikasema, "Mheshimiwa, chumba kilikuwa changu, ofisi ilikuwa yao. Chumba bado ninacho, sasa naweka magunia ya mpunga, na hakuna mtu wa Sikonge anayekuja kuyaletea kesi. Kama ofisi ni meza na viti, namwomba mwanangu, aliye mbele yako, aseme jambo moja. Alipojenga nyumba yake, kwa nini alijenga banda la kulaza wateja kabla ya kujenga jiko? Mkewe alipika juani msimu mzima. Mtathmini hakulifikia banda lile. Hakuambiwa kama lipo."

Hakimu akamgeukia mwanangu. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Ile taarifa ilikataliwa. Mtathmini mwingine akaagizwa aangalie kazi yenyewe: wateja wanafika kwa njia gani, na ofisi inaingiza nini mwaka hadi mwaka. Hukumu ilipotoka, mkwe wangu alipewa fungu lake katika ofisi, alipwe kidogo kidogo. Mchango wake wa uani ulisomwa kwa sauti, mwanangu akisikia.

Mwanangu hajaja kunisalimia tangu siku hiyo. Idi imepita.

Juzi nilipita kwa mkwe wangu baada ya alasiri nikawakuta wazee wawili wa Sikonge uani, wananawa. Ugali uko motoni. Aliwaelekeza asubuhi waende ghorofani kwa mwanangu.

Nikafoka. "Mpaka leo unamfanyia kazi mtu yule?"

"Baba, hawa wana kesi kesho. Wao wamenikosea nini?"

Nikawaaga wazee wale. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira zaidi kuliko siku ya mahakamani, nikaswali magharibi nikiwa nayo. Bado ninayo. Ninamwombea mwanangu kila sala, na hasira ipo palepale.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe nyumba yenye haki, aibariki mikono inayokupikia, na akupe ulimi wa kuitaja kazi ya mwenye mikono hiyo angali mbele yako. Amin.