Vidonge vya Dada Yangu

Nimefundisha historia katika shule moja ya sekondari ya Bukavu tangu nikiwa kijana asiye na mke. Katika masomo yote ya mwaka, nililolipenda kuliko mengine ni lile la Marekani kuvuka bahari: jinsi nchi iliyopigana yenyewe ili isitawaliwe na mfalme wa ng'ambo ilivyogeuka ikaenda Kuba na Ufilipino, ikasema inakwenda kuwakomboa watu, kisha ikabaki. Nilichora ramani kwa chaki, nikapandisha sauti, nikaiga wakubwa wa zamani wanaozungumza juu ya kuwastaarabisha wenzao. Wanafunzi walicheka sana.

Mtu mmoja hakuwa akicheka. Dada yangu mkubwa, niliyemwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu wote, aliishi Mudaka, kijiji cha nje ya mji, akilima maharagwe na mihogo. Mama yetu alipokufa, ni yeye aliyenilea. Aliuza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ili mimi nivae viatu vya shule. Mume wake alifariki mapema na kumwachia ugonjwa ambao kijijini hautajwi jina. Kwa miaka mingi alishuka mjini kuchukua vidonge kwenye kituo cha afya karibu na kwangu, akala kwangu, akalala, kesho yake akapanda kurudi shambani. Alikuwa na nguvu kunishinda.

Siku moja alinikuta mezani natayarisha lile somo, nalisoma kwa sauti. Alisikiliza hadi mwisho huku akichambua lengalenga, mboga yetu ya majani.

"Unabatukana sana, mudogo wangu," akasema. "Lakini dawa yangu, ni bo Baamerika banaitumaka."

"Yaya, ile ni politike yabo. Banatoa kidogo ku mukono moja, banachukua mingi ku ingine."

"Ile banachukua, mi siioni. Ile banatoa, mi naimeza kila asubui."

Nilikuwa na majibu mengi, yote ya vitabuni. Nikarudi kwenye karatasi zangu, nikidhani namstahi.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata redio ilitangaza kwamba rais mpya wa Marekani amesimamisha misaada ya nje. Niliisikia habari hiyo kama mwalimu. Nilikwenda nayo darasani, nikasema: mnaona, mwenye kutoa ndiye mwenye kufunga mkono. Nilijiona nimesema jambo la maana. Haikunipitia kichwani kuhesabu vidonge vilivyobaki katika chupa ya Yaya.

Juma lile alishuka kama kawaida yake, tukaenda pamoja kituoni. Mabenchi yalikuwa matupu. Muuguzi aliyemhudumia miaka yote alikuwa amesimama mlangoni, bila koti lake jeupe la kazi.

"Maman, dawa hatugawi leo," alimwambia Yaya. "Barua ilitoka kule Amerika, ikapita Kinshasa, ikatufikia. Banasema kila kitu isimame. Hata mi mwenyewe, kazi ilisimama. Nimekuja tu juu ya kuambia watu."

Nyuma yake niliona kabati la kioo na masanduku yamepangwa ndani yake.

"Na zile?" nikauliza.

"Hata zile. Balikataza kuzigusa."

Nilianza kuzungumza kwa Kifaransa, ile sauti yangu ya darasani. Nilisema juu ya haki, juu ya sheria. Muuguzi alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mlevi. Yaya alinivuta mkono.

"Acha, asisumbuke. Si ye aliandika barua."

Tulipokuwa tumefika barabarani, muuguzi alitukimbilia. Alimtia Yaya chupa moja katika kikapu, chini ya vitambaa, akarudi bila kuaga.

Tulikuwa na chupa ile tu. Nilizunguka vituo vingine vya mji, toka Kadutu hadi Ibanda, na kila mahali wauguzi walinyoosha mikono mitupu. Kisha vita vilivyokuwa kaskazini vikatufikia. Askari waliokuwa wanatulinda waliondoka, wengine wakaingia, na katika zile siku za katikati watu walivunja maghala na maduka. Kabati la kioo nalo lilivunjwa. Niliona mwenyewe masanduku yamekanyagwa matopeni, na mtoto akichezea vidonge.

Yaya alibaki kwangu kwa sababu njia ya Mudaka haikuwa salama. Alianza kumeza leo, kesho akaacha. Muuguzi alikuwa amemwonya kwa miaka yote kwamba ukiruka siku, ugonjwa unajifunza kuishinda dawa. Nilijua. Kila asubuhi ya kuruka nilimwona akiishika chupa, akiitikisa kidogo, akiirudisha, nami nikajifanya natafuta viatu.

Shule ilipofunguliwa, nusu ya darasa haikuwapo. Niliendelea pale tulipoishia, Ufilipino. Msichana mmoja, ambaye familia yake ilikimbia kutoka Minova, akainua mkono.

"Prof, bale batu ba visiwa, bangefanya nini juu basichukuliwe?"

Nilisema walipigana.

"Na bale bazee, na bale bagonjwa, bale habawezi kupigana?"

Niliiangalia ramani yangu ubaoni. Niliwaambia waandike tarehe za vita, na kengele ikanisaidia.

Kikohozi cha Yaya kilianza katika mvua za mwisho. Alikonda hadi kitenge kikawa kinamzunguka mara mbili. Wakati ule ule ikatangazwa kwamba wakubwa wa nchi yetu na wa jirani wamekwenda Marekani kutia sahihi mkataba wa amani, na kwamba Wamarekani watapewa nafasi katika madini yetu. Majirani walibishana uani, wengine wakishangilia. Yaya alikuwa amelala kwenye mkeka, juani, redio karibu na kichwa chake.

"Na juu ya dawa," akaniuliza, "balisema nini?"

Hawakuwa wamesema kitu.

"Balisema zitarudi, Yaya."

"Unaona," akasema, akafumba macho.

Na zilirudi kweli, baadaye, kidogo kidogo, kupitia kituo kingine. Muuguzi ndiye aliyetuletea nyumbani. Yaya alizimeza majuma matatu bila kuruka hata siku moja. Lakini mapafu yalikuwa yamekwisha. Alifariki adhuhuri, baada ya kuomba uji na kuukataa.

Tulimzika Mudaka, kando ya shamba lake. Padri alipomaliza, shemeji yangu mmoja, mkulima ambaye hakupata kusoma, alinisogelea, kofia mkononi.

"Mwalimu, weye ulisoma. Hii kitu, tunaweza kuishitaki wapi?"

Wazee wengine walisogea pia. Walingoja kwa adabu, kama wanafunzi wazuri. Nilifikiria wilaya, nikafikiria mkoa, nikafikiria Kinshasa, na ng'ambo ya hapo mji ambao sitaufikia kamwe, na mtu aliyetia sahihi barua ile bila kujua kama kuna Mudaka.

"Sijui," nikasema.

Shemeji akatikisa kichwa taratibu. Akanipa sepetu, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu ya kutupa udongo.