Upande wa Mbele wa Boti

Shangazi yangu hushona mapazia. Chumba chake cha kazi kina cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia vitambaa na dirisha ambalo lenyewe halina pazia. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia dirisha hilo halijaleta oda. Ana miaka hamsini na tisa. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mwanachama wa klabu yetu ya kupiga makasia pale bwawani, na katika muda wote huo, kwa mujibu wa Shirikisho la mchezo huo, hajawahi kupiga kasia hata mara moja.

Amepiga mno, jamani. Kila asubuhi hushusha majini boti ya mbao ya klabu, ndefu kupita zote, akazunguka bwawa mara mbili, kisha huyo anakwenda kupima madirisha ya watu. Mashindano ya klabu ameshiriki yote, na mengine ameshinda. Lakini shindano lisilo na kibali cha Shirikisho si shindano. Ni watu wazima waliokutana majini kwa bahati mbaya. Na kibali hatukuwahi kukipata kwa wakati. Mwaka mmoja kilifika wiki mbili baada ya mbio. Mwaka mwingine kilifika mapema, kisafi, kikiwa na muhuri, kikituruhusu kuendesha mbio za baiskeli.

Linapokuja suala la ada, hata hivyo, Shirikisho halijawahi kukosea anwani yetu. Kuna ada ya uanachama wa mtu, kuna ya uanachama wa klabu, na kuna ada ya kuomba kibali, ambayo tafadhali usiichanganye na ada ya kibali chenyewe. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo haya nayajua kwa uchungu. Tuna wanachama arobaini. Kumi na mmoja hulipa. Waliobaki hutoa maoni. Shangazi hulipa wa kwanza kila Januari, na risiti zake zote amezibana kwa pini za mapazia.

Mwaka jana bega lake la kulia likaanza kumsumbua. Daktari akamwambia lazima apasuliwe kabla mwaka haujaisha, na baada ya hapo makasia basi. Akaja nyumbani kwangu, akakaa, akakataa chai.

"Mwanangu, mimi sijawahi kukuomba kitu."

Uongo mtupu.

"Nitafutie kibali. Shindano moja tu linalohesabika. Niandikwe kwenye daftari lao kabla hawajanipasua."

Niliomba miezi saba kabla ya mbio. Nilipiga simu mpaka mpokea simu wa Shirikisho akanizoea, akawa ananisimulia visa vya mkwewe. Hatimaye, ikiwa imebaki wiki moja, barua ikaja: kibali kimetolewa. Nikaruka kwa furaha. Halafu nikasoma chini, ambako ndiko watu wa ofisi huficha mambo: "Kwa ajili ya usalama, washiriki wote watazame upande wa mbele wa chombo muda wote wa mbio. Mkaguzi atahudhuria. Matokeo ya atakayekiuka hayatasajiliwa."

Kwa asiyejua, mpiga makasia huketi akiwa ameupa mgongo mwelekeo wa safari. Anakokwenda hakuoni; anaona alikotoka. Mtu yeyote angeligundua hilo kwa kutazama boti moja kwa dakika moja. Shirikisho la wapiga makasia lilikuwa bado halijapata hiyo dakika.

Nikapiga simu. Nikaambiwa sharti limeshapita kwenye kamati, na kulibadilisha kunahitaji maombi mapya.

"Na ada mpya?" nikauliza.

"Hiyo ipo, dada."

Nilikaa na fomu ya kusajili boti, hasira zimenijaa, ndipo nikaona kisanduku namba kumi na nne: "Eleza upande wa mbele wa chombo." Kumbe wenyewe hawajui! Wanamuuliza katibu. Katibu akawajibu kwa herufi kubwa: UPANDE ANAOTAZAMA MPIGA MAKASIA. Yaani, kwa maandishi, boti zetu zote zingekwenda kinyumenyume toka mwanzo hadi mwisho, na hakuna kifungu kinachokataza kwenda kinyumenyume. Nikajiona mjanja kuliko kamati nzima.

Siku ya mbio akaja Mkaguzi, bwana mpole mwenye viatu vya ngozi, aliyehamishwa majuzi kutoka mpira wa meza. Akasoma kisanduku changu, akatazama washiriki wanne walivyoketi, akasoma tena.

"Wote wanatazama mbele," akasema, akagonga muhuri.

Kwa kuwa daftari lilikuwa halimjui, Shangazi alipangwa katika kundi la wanaoanza. Mpinzani wake hasa alikuwa daktari wa meno, binti wa miaka thelathini aliyejiunga Machi, mwenye boti mpya ya plastiki, fupi. Shangazi aliongoza tangu mwanzo. Zilipobaki mita mia mbili nikaona bega limemkamata. Kila akivuta, mdomo unapinda. Binti akawa anamkaribia. Nikapiga kelele hadi sauti ikakauka. Ncha ya boti ya Shangazi ikapita kwanza katikati ya maboya ya mwisho, na mimi nikalia mbele za watu, wala sioni aibu kusema.

Mkaguzi hakulia. Alikuwa anasoma kanuni.

"Chombo kimemaliza pale upande wake wa mbele unapovuka mstari," akasema, akaninyooshea kisanduku namba kumi na nne, mwandiko wangu mwenyewe. Mbele ya boti ya Shangazi, kwa amri yangu, ilikuwa ile ncha ya nyuma kabisa, na boti ile ni ndefu kama ahadi za Shirikisho. Mkia wa boti fupi ulivuka kabla ya mkia wake, kwa hatua moja.

Nilibishana. Mkaguzi akanijibu kwa upole kwamba naweza kulifuta jibu langu, ila nikilifuta, washiriki wote watakuwa walitazama nyuma, na hakuna atakayesajiliwa. Nikamfuata Shangazi ukingoni, ameshika bega, nikamweleza kila kitu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Niandikwe," akasema papo hapo.

"Wa pili, shangazi? Na umeshinda?"

"Kushinda nimeshinda sana. Kuandikwa ndiyo bado." Akanifuta machozi kwa kiganja kilichochubuka. "Halafu usilie. Yule binti nimemtazama kisogo njia nzima. Kwa fomu yako wewe, alikuwa mbele yangu tangu tunaanza."

Akacheka mpaka bega likamkataza.

Januari hii alikuja kulipia uanachama, wa kwanza kama kawaida, mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa shingoni. Nikamuuliza analipia nini na daktari ameshamkataza. Akaitaka fomu. Alipofika kwenye nafasi ya uzoefu, ambayo miaka yote huiacha wazi, aliniuliza kama sasa anaruhusiwa kuijaza.

Nikamwambia anaruhusiwa. Akaandika kwa mkono wa kushoto, polepole, herufi zimelala ovyo: "Shindano moja. Wa pili."