Ndege Isiyotua

Wapo wanaosema majonzi yalinichanganya akili. Waache waseme. Niliyaona haya kwa macho yangu, kukipambazuka, wala sikuwa na homa.

Vita vya Mwingereza na Mjapani vilikuwa karibu kwisha. Kaka yangu, Kondo, alikuwa askari huko Burma. Jina hilo maana yake vita, alipewa kwa kuwa alizaliwa katika vita vya Mjerumani, nasi tukadhani limeshamaliza kazi yake. Mama yetu alikuwa Msimbu, Kisarawe, mgonjwa hoi, akisema hafi mpaka amwone mwanawe. Mimi nilikuwa nimeolewa Maili Moja, upande wa Kibaha.

Alfajiri moja nilikwenda kisimani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, njia tope tupu. Kondo huyo, amesimama kando ya kisima na sare zake! Mtungi ukaniponyoka, ukapasuka.

"Shikamoo kaka! Umefika lini?"

Hakuitikia marahaba. "Sasa hivi," alisema. "Nimetoka Rangoon, kule Burma, jua likichomoza."

"Umekuja na meli?"

"Na ndege. Haikutua popote, mdogo wangu. Njia nzima jua liko nyuma yangu." Kisha akasema, "Mwambie mama asinisubiri tena. Nimeshafika."

Niliinama kuokota vigae. Nilipoinuka hapakuwa na mtu, nikadhani amekata njia ya Kisarawe. Utaniuliza, hukuogopa? Niogope nini, na kaka yangu karudi? Nilipoinama niliona buti zake hazina hata chembe ya tope, nikasema moyoni, askari ni watu safi.

Mume wangu, aliyerudishwa kutoka huko huko Burma na mguu mbovu, alitikisa kichwa nilipomsimulia. "Sisi tulikaa melini hata tukasahau udongo. Ndege ya wakubwa nayo hulala njiani. Ishuke Kalkuta inywe petroli, ishuke Karachi, ishuke Uarabuni, ishuke Nairobi. Leo hii alfajiri? Hapana, mke wangu."

Nikamwambia ana wivu. Nikajifunga kanga, nikashika njia kwa miguu.

Nilifika Msimbu jua linazama. Kondo hakuwepo, lakini mama alipopata habari aliinuka kitandani, na hakuwa ameinuka tangu Ramadhani. Jogoo akachinjwa, wali wa nazi ukapikwa, majirani wakaja na vigelegele. Niamini, sijapata kumwona mama mzuri vile. Tulipokaribia kupakua, akaniuliza, "Alisema amekuja na nini?"

"Na ndege, mama. Haikutua popote."

Kwetu dalili ya jambo lijalo nayo huitwa ndege, iwe njema au mbaya. Mama akauweka upawa chini. "Mwanangu, hiyo siyo ndege ya Mwingereza," alisema, akajifunika kanga usoni.

Hatujapakua, jumbe akapiga hodi. Alitoka bomani na habari ya Kondo. Wali wa kumkaribisha ukaliwa na waliokuja kumlilia.

Mama hakufikisha arobaini ya mwanawe. Aliambiwa asisubiri, naye hakusubiri. Ujumbe huo niliupeleka mimi, kwa miguu yangu, nikicheka njia nzima.

Siku hizi eropleni zinapita juu yetu zikienda Dar es Salaam. Wanangu huzipungia mikono. Mimi husimama uani nikisikiliza mpaka mlio uanze kushuka. Nawe, mpendwa wako akitoka mbali akafika upesi mno, usikimbilie kutia wali jikoni. Muulize kwanza alitua wapi, na umtazame miguu.