Faini ya Majani ya Maboga

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa nimekula nini jana. Nilikuwa nimeketi katika ofisi ya lishe pale Tukuyu, wilayani Rungwe, vyeti vikiwa mapajani, na mvua ikipiga bati hata tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Afisa Lishe wa Wilaya, bosi wangu, alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye tabia ya kuchungulia sahani za wenzake. Nikamjibu kwamba mchana nilikula ndizi za nyama na usiku ndizi za maziwa.

"Na rangi?"

"Rangi gani, bosi?"

"Majani yako wapi? Matunda yako wapi? Dada, umekula kama mtu anayepaka nyumba chokaa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya lishe. Ninyi vijana mnaofundisha kwa picha za simu mtacheka, lakini sisi tulibeba sufuria. Darasa la mapishi lilikuwa hivyo: unafika kijijini na sufuria, kisu na fungu la mboga, unawasha moto mbele ya watu, unapika huku unasema. Usipojua kupika, hakuna anayekusikiliza, hata uwe na shahada ngapi.

Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la rangi. Kila mama wa Rungwe anajua kwamba ndizi ukiimenya ukaiacha wazi inakuwa nyeusi, ndiyo maana anaitumbukiza kwenye maji. Nilianzia hapo. Niliwaambia kuwa hewa ndiyo inayoichakaza, na kwamba ndani ya miili yetu nako kuna uchakavu unaofanana na huo, wa polepole, usioonekana. Mimea hujitengenezea kemikali za kujikinga, zinaitwa antioksidanti, na sisi tukila mimea tunafaidi. Nyingi zinajitangaza kwa rangi. Karotini ipo kwenye boga na papai, na kwenye majani ya kijani imejificha chini ya ukijani. Anthosianini ndiyo inayoyapa zambarau na matunda damu, yale yenye umbo la yai, wekundu wake mzito. Vitamini C haina rangi, lakini pera limejaa tele.

Bosi alinipa sharti moja. "Kamwe usiseme inatibu. Sema inasaidia kukinga. Siku utakayosema inatibu, kesho yake mtu atatupa vidonge chooni."

Nilianzia Lupepo, ambako akina mama walichemsha mboga mpaka zikasahau zilikuwa mmea gani. Niliwafundisha kuosha kabla ya kukata, kuivisha kwa muda mfupi, na kutomwaga supu yake. Wakanisikiliza kwa adabu, kisha mmoja akaniuliza kama nyumbani kwetu kuni zilikuwa shida. Nikahamishiwa Matwebe. Huko watu waliamini tunda damu likiliwa linageuka damu moja kwa moja, kwa vile ni jekundu. Nikawauliza, je, maziwa yanageuka nini? Mzee mmoja akajibu bila kusita, "Mifupa. Nayo ni myeupe." Darasa likampigia makofi, na mimi nikafunga sufuria yangu nikaondoka.

Halafu nikapangiwa Mpuguso, kijijini kwa baba mkwe wangu.

Hapa inabidi nieleze, maana wasomaji wengine si wa kwetu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso, hamsemeshi, na jina lake halitaji. Mimi silitaji mpaka leo, na anayelitaka akamuulize mume wangu. Nikimsikia anakohoa njiani, naingia kwenye migomba mpaka apite. Yeye naye alikohoa makusudi kila kona, kikohozi kilikuwa honi yake. Sasa fikirini: huyo ndiye mtu anayeheshimiwa kuliko wote pale kijijini, asichokula yeye wazee wenzake hawali, na yeye husema majani ni chakula cha ng'ombe. Tena ana presha, na zahanati imempa vidonge vya kumeza kila siku.

Nilikwenda kwa bosi kuomba nihamishwe. "Huwezi kumsemesha?" akauliza.

"Siwezi, bosi."

"Basi isemeshe sufuria. Yeye si ana masikio?"

Alikuwa anatania, mimi nikaifanya kweli. Kila darasa, mzee aliketi nyuma ya migomba, amenipa mgongo, na mimi nikaiambia sufuria. "Wewe sufuria, majani haya ya maboga usiyaweke chumvi nyingi, presha haipendi." Nyuma ya migomba kikatoka kikohozi. Mama mkwe, aliyekuwa mkalimani wetu wa siku zote, akaniambia, "Anasema sufuria imesikia, ila haili majani."

Tukaenda hivyo, mpaka alipokuja bwana mmoja gulioni na spika na makopo ya unga. Kopo lilichorwa matunda ya rangi zote. "Antioksidanti!" alipiga kelele. "Kijiko kimoja asubuhi, presha inakimbia, vidonge unasahau!"

Neno lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyelizoesha masikio ya kijiji kile, mpaka watoto walilitamka wakiruka kamba. Jioni mama mkwe akaja kwangu, hata kuketi hakuketi. "Mwanangu, baba yako ameacha vidonge. Anasema ni neno lako lile lile, kwa nini asumbuke na majani wakati lipo kwenye kopo? Na juzi alishikwa na kizunguzungu, akadaka mgomba asianguke."

Niliogopa. Mzee yule sikuwahi kumtazama vizuri usoni, lakini ndiye aliyenilipia karo ya chuo baada ya ndoa, wakati ndugu zake wakimcheka kuwa anasomesha mke wa mwanawe. Nilimtuma mume wangu akaongee naye. Mume wangu akaenda, wakaongea sana, akarudi na kopo lake mwenyewe.

Nikaamua kufanya jaribio mbele ya kijiji. Mganga Mfawidhi wa zahanati akaja na kipimo chake cha presha, anatafuna hindi la kuchoma. Mzee naye akaja, akaketi nyuma ya migomba, kopo gotini. Nikakata maparachichi. Kipande kimoja nikakiacha bila kupaka kitu, cha pili nikakipaka limao, cha tatu nikakipaka ule unga wa kopo uliokorogwa na maji. Nikavifunika, nikawaimbisha watu nyimbo za kutosha. Nilikuwa na hakika kile cha unga kitakuwa kama tope.

Nikafunua. Kisichopakwa kitu kilikuwa cha kahawia. Cha limao kilikuwa kijani. Cha unga kilikuwa kijani zaidi ya vyote, kinang'aa.

Watu walishangilia mpaka kuku wakakimbia. Nyuma ya migomba kikatoka kikohozi kirefu ambacho sikuwahi kukisikia kabla, kikohozi cha ushindi. Kisha sauti ya mzee, "Mama, mwambie mtaalamu wako kopo limefaulu."

Sijui miguu yangu ilipitaje. Nilijikuta nimezunguka migomba, nimesimama mbele yake, kanga imenidondoka begani, nanyoosha kidole.

"Baba! Parachichi halina presha! Wewe ndiye uliye nayo! Uchachu wa huo unga umezuia tunda lisibadilike rangi, basi. Hata limao langu halijawahi kuonyesha zaidi ya hapo. Utapooza, baba, na mimi nitakuwa nimeketi hapa naongea na sufuria!"

Akina mama wakaziba midomo. Mzee alijaribu kuficha uso kwa kopo, lakini kopo lilikuwa dogo, masikio na mashavu yote yakabaki nje. Nilikuwa nalia, na sikujali nani ananiona.

Mganga Mfawidhi akaitumia nafasi ile. Akamvalisha mzee kipimo mkononi, akakijaza upepo, akatazama. Namba hakuitaja mbele za watu, ila aliacha kutafuna. "Mzee, tunaondoka sasa hivi," akasema, na mzee akapakiwa kwenye pikipiki kwenda hospitali, kopo likabaki kwenye kiti.

Alirudi baada ya siku chache, anatembea mwenyewe, ana vidonge vyake mfukoni. Bosi aliponiita Tukuyu nilidhani naachishwa kazi. Akaniambia tu, "Jaribio lako lilikuwa zuri sana, dada. Kwa maparachichi."

Lakini ukoo haukuwa na utani. Wazee waliketi kunijadili, mkamwana aliyemnyooshea mkwewe kidole. Mama mkwe akaniletea hukumu aliyoitoa mzee mwenyewe: jogoo mmoja, pamoja na sufuria ya majani ya maboga yasiyo na chumvi nyingi, niyapike mimi. Nikapeleka. Sufuria ikarudi tupu, imefutwa kwa tonge.

Wiki iliyofuata nikashtakiwa tena. Eti nimepita karibu na nyumba yake bila kuinama. Faini, mchicha. Baadaye nikashtakiwa kwamba nimecheka kwa sauti akiwa anapita, faini ikawa figiri, na mapera ya kusindikizia. Nilikuwa mkosaji mkubwa kuliko wote Mpuguso. Wazee wenzake, walipoona mwenzao anakula faini, nao wakaanza kuwatafutia wakamwana wao makosa, na mboga zikapanda bei gulioni. Katika taarifa ya robo mwaka bosi aliandika kuwa ulaji wa mboga umeongezeka kutokana na elimu. Sikumsahihisha.

Sasa nimestaafu. Mkiniuliza nilichojifunza, nitasema kula rangi zote, kila siku, kutoka shambani si kwenye kopo, na vidonge umeze kama ulivyoelekezwa. Rangi hukinga taratibu, wala hazimpigii mtu spika.

Siku ya sherehe yangu ya kuagwa mzee alikuja, mkongojo mkononi, anakohoa kila kona. Nikawa nimeshaanza kuielekea migomba, lakini mama mkwe akanishika mkono. Mzee akavuta kiti mpaka mbele yangu, akaketi, tukawa uso kwa uso kwa mara ya pili maishani mwetu.

"Mwanangu," akasema, "ndaga fijo. Asante sana. Bila kelele zako ningeshazikwa. Sisi ni wazee sasa, mambo ya migomba yaishe. Leo sema nami."

Watu wote wakanigeukia. Nilifungua kinywa. Kwa miaka yote ile nilikuwa na mengi ya kumwambia, la karo kwanza kabisa. Badala yake nikaiinamia sufuria iliyokuwa pale kwenye mafiga.

"Wewe sufuria," nikasema, "mwambie baba namshukuru. Na mwambie karibu chakula."

Mzee alicheka mpaka mkongojo ukaanguka. Ndipo nilipoyaona meno yake, yalikuwa yamebaki manne.

"Amekataa kusema na mkwewe!" akawatangazia watu. "Faini!"

Nikajifunga kanga vizuri, nikaenda kuchuma majani ya maboga.