Jina Nililompa Mwenyekiti Ndani ya Programu

Nimeapa sitaandika tena programu nikiwa na hasira.

Wakulima wa mboga wa Mgeta walinipa kazi ya kutengeneza programu ya kupanga zamu za lori. Mwenyekiti wao, Mzee Shabani, alinipandisha mlimani mara nne: mara hiki kiongezwe, mara kile kitolewe. Ndani ya programu kila taarifa hupewa jina, na pale pa kuhifadhi jina la mwenyekiti mimi, fundi mzima, nikapaita mzee_msumbufu. Nani angeona?

Siku ya kuikabidhi nikasahau kwamba fomu ya kujaza taarifa huandika majina hayohayo kwenye kioo cha kompyuta. Nikamwamkia mzee, nikawasha projekta, fomu ikajaa ukutani. Mzee Shabani akavaa miwani, akasoma kwa sauti: “Mzee msumbufu.” Mbele ya maneno hayo, nafasi tupu ya kujaza. Akina mama wa karoti wakaziba midomo kwa khanga.

Nikakata shauri: sisingizii umeme wala kompyuta. “Nisamehe baba, nimeandika mimi.”

“Sasa mwanangu, hapa si ndipo pangu?” Akavuta kompyuta, na kwa kidole kimoja, taratibu, akajaza jina lake, la baba yake na la babu yake.